Mkono wa kulia au wa kushoto? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutambua mkono wa molekuli kwa fuwele

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia hapa Dodoma, na msimu wa projekti ukifika simu yangu haitulii. Maswali ni yaleyale kila mwaka, yanabadilika majina ya waulizaji tu, na mengine yanaletwa na watu ambao hata kemia hawasomi, kuna mama anauza waini pale mtaani kwetu ana swali lake hapa chini na ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Kwahiyo nimeyaandika sehemu moja, atakayeuliza tena namtumia hii halafu naendelea na chai yangu.

Molekuli kuwa na mkono ni kitu gani? Nieleze kama mtu ambaye kemia iliishia fomu foo.

Angalia kandambili zako hapo mlangoni. Pea moja, ukubwa uleule, matundu matatu kila moja, lakini ukivaa ya kushoto mguu wa kulia kila mtu atajua umetoka nyumbani mbio. Molekuli nyingi ziko hivyo. Kaboni ikishikwa na vitu vinne tofauti, hivyo vitu vinaweza kupangwa kwa namna mbili, moja ni sura ya mwenzake kwenye kioo, na hata uizungushe vipi haikai juu ya mwenzake ikalingana. Molekuli ya aina hiyo tunaiita kairali, na hao mapacha wawili wa kioo ni enantioma.

Kinachoumiza kichwa ni kwamba hao mapacha wanayeyuka kwenye joto lilelile, wanaingia kwenye maji kwa kiasi kilekile, ukiwapima kwa NMR ya kawaida (mashine inayosoma atomu zimeunganaje) picha ni ileile. Kwahiyo mtu anaweza akawa na unga mweupe safi kabisa, anajua kila atomu imeshikana na nani, ila hajui ameshika kandambili ya mguu gani. Kulijua hilo ndo tunaita kubaini usanidi halisi, na njia inayoaminika kuliko zote mpaka leo ni kuikuza iwe fuwele, yaani chembe ngumu ambayo molekuli zake zimejipanga kwa mpangilio kama punje ya chumvi, halafu kuipiga eksrei.

Sasa mkono ukiwa wa kulia au wa kushoto inanihusu nini mimi?

Kama ulisoma shule ya msingi kanda ya Ziwa kama mimi, utakumbuka siku ya vidonge vya kichocho, tunapangwa mstari, tunapimwa urefu kwa ule mti wenye alama, halafu unapewa vidonge vikubwa vichungu balaa na mwalimu amesimama na fimbo kuhakikisha umemeza. Ile dawa ni praziquantel. Kidonge cha kawaida kina mikono yote miwili nusu kwa nusu. Mkono unaoua minyoo ni ule wa R, mwenzake S (ni majina ya mikono hiyo miwili, nayaeleza swali linalofuata) karibu hafanyi kazi yoyote, na kibaya zaidi yeye ndo anaongoza kwa uchungu! Yaani nusu ya kidonge ilikuwa mzigo tu tunaomezeshwa. Baadae watafiti wakaonyesha namna ya kuitenganisha kwa bei nafuu, mwaka 2011 timu iliyokuwa na Matthew Todd, wakati huo akiwa Australia, ilitoa njia hadharani bila kuificha, wanatumia asidi iliyotokana na tartari ili mkono mmoja ugande kama fuwele mwingine ubaki kwenye maji maji. Kumbuka hilo neno tartari, linarudi.

R maana yake inazungusha mwanga kulia, si ndiyo?

Hapana. Hapana kabisa, na hili ndo kosa ninaloliona kwenye ripoti nyingi kuliko yote. R na S ni majina ya mpangilio, unayapata kwa kanuni za Cahn, Ingold na Prelog, unapanga vile vitu vinne kwa namba ya atomu halafu unaangalia mzunguko. Alama ya jumlisha au kutoa ni kitu ulichosoma kwenye polarimita, kile kifaa kinachopima sampuli inazungusha mwanga upande gani. Kuna R zinazozungusha kulia na kuna R zinazozungusha kushoto, hamna uhusiano. Polarimita inakuambia sampuli yako iko upande gani wa sifuri, haikuambii atomu zimekaaje.

Nimesikia eksrei haioni mkono. Mbona nyinyi mnasema ndo njia yenyewe?

Aliyekwambia hajakudanganya, amekupa nusu ya habari.

Ukipiga fuwele kwa eksrei unapata madoa, maelfu, kila doa lina mwangaza wake. Kila doa lina mwenzake wa upande wa pili kabisa, kama mashariki na magharibi, na kwa kawaida wawili hao wana mwangaza sawasawa. Hiyo inaitwa sheria ya Friedel. Sasa kama pande zote zinafanana, molekuli ya kushoto na ya kulia zitakupa madoa yaleyale, umekwama.

Ngoja nitumie muheme. Chukua akina mama wa Kigogo wamejipanga na ngoma zao, wote wanapiga kwa pamoja, aliyekaa mashariki na aliyekaa magharibi umbali sawa wanasikia mlio wenye nguvu ileile. Sasa mmoja mwenye ngoma kubwa, amekaa pembeni sio katikati, awe anachelewa kidogo tu. Hapo mtu wa mashariki atasikia mchanganyiko tofauti na wa magharibi, kwasababu kuchelewa kwake kunaongezeka upande mmoja na kunapunguzwa na umbali upande mwingine. Atomu nzito ndo huyo mama. Mionzi ikiwa na nguvu inayokaribiana na ile inayoweza kung'oa elektroni zake za ndani, atomu hiyo inaitikia kwa kuchelewa kidogo, na yale madoa mawili ya Friedel yanaacha kufanana. Tofauti ni ndogo sana, mara nyingi asilimia chache au chini ya hapo, ila ipo, na ndani yake ndo mkono umejificha.

Mtu wa kwanza kulifanya hilo kwa uhakika ni Johannes Bijvoet kule Utrecht, Uholanzi, akiwa na Peerdeman na van Bommel, mwaka 1951. Walichukua chumvi ya asidi ya tartari yenye sodiamu na rubidiamu, wakatafuta mrija wa eksrei wa zirkoniamu maana mionzi yake inamgusa rubidiamu palepale anapochelewa. Kabla ya hapo wakemia wote duniani walikuwa wanachora molekuli kwa kufuata chaguo la Emil Fischer wa Ujerumani, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1800 aliamua tu upande mmoja ili watu wote wachore sawa, hakuwa na namna ya kujua. Ilikuwa ni kurusha shilingi. Bijvoet akapima, akakuta Fischer alipatia! Huwa nafikiria ingekuwa kinyume, vitabu vyote vya kemia vya nusu karne vingebidi vigeuzwe kwenye kioo.

Mama wa waini anauliza: zile chembe zinazong'aa chini ya chupa ni sukari au vioo? Wateja wananirudishia.

Mama yangu, sio sukari wala vioo, na waambie wateja wasiogope. Zabibu ina asidi ya tartari kwa wingi, na waini ikikaa sehemu ya baridi ile asidi inashikana na potasiamu ya humohumo kwenye zabibu na kutua chini kama fuwele, kwasababu kwenye pombe na ubaridi haiyeyuki vizuri. Hata matanki ya kutengenezea waini yanaota ukoko wake kuta za ndani. Ukwaju nao una asidi hiyohiyo, ndo ule ukali unaokufanya ukunje uso.

Sasa kwa upande wangu hizo chembe ni dhahabu. Mmea unatengeneza mkono mmoja tu wa hiyo asidi, R,R (ina kaboni mbili zenye mkono, zote ni R), sio nusu kwa nusu. Na ndani ya ile fuwele kuna potasiamu, ambayo kwa mionzi ya mrija wa shaba inachelewa vya kutosha kabisa. Maana yake ukichukua chembe moja safi ya chini ya chupa iliyotokana na zabibu za Hombolo au Mpunguzi, ukaipiga eksrei vizuri, unaweza kurudia jaribio la Bijvoet kwa molekuli ileile aliyotumia yeye, tofauti tu wewe una potasiamu yeye alikuwa na rubidiamu. Nimemwambia yule mama asizitupe, sasa hivi ananiwekea kwenye kikopo cha Blue Band.

Pasteur si alitenganisha kwa macho tu? Kwanini mimi nisiangalie sura ya fuwele nikajua?

Louis Pasteur, yule mwanasayansi wa Ufaransa, mwaka 1848 akiwa kijana wa miaka 25 hapo Paris, alichukua chumvi ya tartari yenye sodiamu na amonia, ile aina ya nusu kwa nusu, akaikuza, akaona fuwele zina kona ndogo iliyoegemea upande mmoja, nyingine kulia nyingine kushoto. Akakaa na kibano akazichambua kama mtu anayechambua mchele. Akaziyeyusha, kundi moja likazungusha mwanga kulia na jingine kushoto. Mzee Biot, mwanasayansi mkongwe wa mambo ya mwanga, hakuamini, akamwita arudie mbele yake.

Ila kuna mambo mawili. Kwanza alijua kwamba hizi ziko tofauti na zile, hakujua ipi ni ipi kwa maana ya atomu, hilo lilisubiri miaka 103 mpaka Bijvoet. Pili alikuwa na bahati ya hali ya hewa. Ile chumvi inagawanyika hivyo ikikuzwa chini ya nyuzi kama 27 tu, juu ya hapo mikono yote inaingia kwenye fuwele moja na hakuna cha kuchambua. Kwa hapa kwetu ukijaribu mchana wa mwezi wa kumi na moja kwenye chumba chenye bati bila dari, Pasteur angebaki mtu wa kawaida tu! Mwezi wa saba usiku inawezekana, koti lenyewe unalitafuta. Halafu kwa jumla vitu vinavyokubali kujigawa vyenyewe namna hiyo ni vichache, inatajwa kati ya asilimia 5 na 10 ya vile vya nusu kwa nusu.

Dawa yangu ya mti ina kaboni, haidrojeni na oksijeni tu. Nifanyeje?

Swali la maana, na karibu kila anayechambua mizizi na magome analikuta. Atomu nyepesi hazichelewi, ndo maana. Kwa mrija wa shaba, kile kipimo cha kuchelewa kwa oksijeni ni kama 0.03, salfa ni 0.56, klorini 0.70. Ukitumia mrija wa molibdeni oksijeni inashuka mpaka 0.006, yaani haipo. Kwahiyo jambo la kwanza: omba shaba. Andika kabisa kwenye fomu, "mionzi ya shaba tafadhali, natafuta usanidi halisi", maana usiposema watakupigia na mrija wowote uliopo na utapata umbo zuri lisilo na jibu la mkono.

Na inawezekana hata kwa oksijeni peke yake. Artemisinin, ile ya kwenye dawa ya mseto ya malaria, haina chochote kizito kuliko oksijeni, na Wachina miaka ya 1970 waliweza kuupata mkono wake kwa ishara ndogo ya hizo oksijeni. Kwa vifaa vya wakati ule! Ila fuwele lazima iwe nzuri sana na data ziwe nyingi.

Kama unaweza kuigusa molekuli yako, ipachike bromini. Ukiwa na kundi la pombe (OH) kwenye molekuli, liunganishe na asidi ya para-bromobenzoiki, ni kazi ya siku mbili na mara nyingi kitu kinachotoka kinaganda vizuri kuliko kilivyokuwa mwanzo. Bromini ina mambo yake lakini: kwa shaba ni 1.28 ila kwa molibdeni inapanda mpaka 2.46, kwahiyo hapa ndo mahali pekee ambapo nitakwambia molibdeni ni sawa tu.

Njia ya tatu ndo naipenda mimi kwasababu ni ya kivivu. Kama molekuli yako ni besi, igandishe kama chumvi na asidi ambayo mkono wake unajulikana, mfano asidi ya tartari ya R,R au asidi ya kamfa yenye salfa. Fuwele ikishatoka wote wawili wamo ndani, mmoja unamjua, wa pili unamsoma kwa kumlinganisha na yule. Hapo hata sheria ya Friedel haikuhusu tena. Ni kama kupiga picha mtu asiyejulikana akiwa kasimama pembeni ya jirani yako, ukijua bega la kulia la jirani ni lipi basi la mwenzake nalo unalijua.

Fuwele hazioti. Nimejaribu mwezi mzima, napata unga tu.

Pole. Hapa Dodoma tatizo ni hewa kavu. Vitabu vinasema acha chupa wazi kiyeyushi kipungue taratibu, vitabu hivyo vimeandikwa na watu wa kwenye mvua. Kwetu ukiacha dikloromethani wazi saa nne asubuhi, saa sita unakuta ukoko umeganda kwenye kuta za chupa kama uji uliosahaulika. Haraka ni adui. Fuwele tunayoitaka ina upande wa kama milimita 0.1 mpaka 0.3, angavu, kingo kali, na haipatikani kwa papara.

Ninachofanya mimi: vile vichupa vya dawa ya sindano, vioo vyake vidogo, visafishe, chemsha, kausha. Yeyusha miligramu 5 hivi kwenye kiyeyushi kinachoipenda sana molekuli yako, chuja kwa pamba iliyobanwa kwenye pipeti ya kioo ili vumbi lisiingie (vumbi letu hili la mwezi wa nane linaingia hata kwenye ndoto). Hicho kichupa kiweke wazi ndani ya chupa ya jamu yenye kiyeyushi cha pili ambacho hakiipendi, mfano ndani asetoni nje hekseni. Funga chupa ya jamu kabisa. Mvuke wa nje unaingia ndani pole pole na molekuli inaanza kukosa raha, inajipanga. Iweke chini ya meza mahali pasipo na mtikisiko, sio juu ya friji, friji inatetemeka kila ikiwaka. Halafu usiiguse. Najua utaigusa. Wiki moja usiiguse.

Friji pia ni mtihani kwasababu ya umeme. Niliwahi kuwa na vichupa vinane vimetulia vizuri, umeme ukakatika usiku mzima ukarudi asubuhi, fuwele zikayeyuka nusu halafu zikaganda upya kwa haraka, asubuhi nakuta kitu kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Toka siku hiyo vinavyoenda friji naviweka ndani ya boksi la foam na chupa za maji kuzunguka, joto linabadilika taratibu hata umeme ukichezacheza.

Ripoti imerudi, imeandikwa Flack 0.3(5). Nimefaulu?

Hujafaulu, ila hujafeli pia, hujaambiwa chochote.

Howard Flack mwaka 1983 alileta namba moja inayojibu swali la mkono. Ikiwa 0, mkono uliouchora ndo wenyewe. Ikiwa 1, umechora kinyume, geuza. Ikiwa kama 0.5, fuwele yenyewe ina mikono yote miwili ndani yake, mapacha wameota pamoja. Namba ya kwenye mabano ndo kosa la kipimo, na wanafunzi wote wanaangalia namba ya kwanza wanaacha ya kwenye mabano, wakati hiyo ya mabano ndo ya kusoma kwanza. 0.3(5) maana yake 0.3 na kosa la 0.5 juu na chini, yaani inaweza kuwa chochote. 0.02(3) ni nzuri sana. 0.97(3) nayo ni nzuri sana, umegeuza tu mchoro, usilie.

Flack na mwenzake Bernardinelli waliweka kipimo: kosa liwe chini ya 0.04, au kama una ushahidi mwingine kwamba sampuli yako ni mkono mmoja tu basi chini ya 0.10 inatosha. Kuna jamaa anakuja na kosa la 0.25 ananiambia "fundi lakini namba ya kwanza ni sifuri". Sifuri ya kubahatisha ni sifuri ya kubahatisha.

Na angalia kitu kingine kwenye faili la SHELXL (programu inayochakata data za fuwele), kama kuna amri ya MERG 4. Hiyo inachanganya yale madoa mawili ya Friedel yanakuwa moja, yaani umelipa pesa kupima tofauti halafu umeifuta mwenyewe.

Ripoti inasema kundi la ulinganifu ni P21/c. Supavaiza amekasirika, kwanini?

Kundi la ulinganifu ni jina la namna molekuli zinavyojipanga na kujirudia ndani ya fuwele, na amekasirika kwasababu kundi hilo lina kioo ndani yake. Kati ya makundi 230 ya ulinganifu, molekuli ya mkono mmoja safi inaweza kuingia kwenye 65 tu, na unayoyaona sana ni P212121 na P21. P21/c inadai kila molekuli ya kushoto iwe na ya kulia pembeni. Kwahiyo kile ulichoamini ni safi, ndani ya fuwele hiyo ni nusu kwa nusu. Mahali fulani kwenye kazi yako mkono umechanganyika, labda besi kali, labda umechemsha sana. Au sampuli ina uchafu kidogo wa mkono wa pili na ile ya nusu kwa nusu inapenda kuganda haraka kuliko safi, hiyo hutokea sana, na hapo lililobaki kwenye maji maji ndo linaweza kuwa safi zaidi. Usiyamwage.

Fuwele moja imetoa jibu zuri. Niandike kwamba chupa nzima ni S?

Subiri. Hili limeniumiza mwenyewe, ndo maana nitalielezea kidogo.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa namsaidia binti mmoja wa shahada ya pili, fuwele ilikuwa nzuri mpaka tukaipiga picha kwa simu kupitia hadubini, ina umbo la sindano nene, nikaikata mwenyewe kwa wembe ndani ya tone la mafuta. Jibu likarudi Flack 0.01(2). Tukafurahi, soda zikanunuliwa. Akaandika S kwenye kila ukurasa. Mtahini mmoja akauliza swali moja tu: mliipima ile fuwele au mliipima chupa? Tukarudi tukapima chupa kwenye mashine ya HPLC yenye safu ya kairali, yaani inayotenganisha mikono miwili na kupima kila mmoja uko kiasi gani, tukakuta ni kama 70 kwa 30. Sisi tulikuwa tumechagua kwa macho fuwele iliyopendeza, na iliyopendeza ilitoka kwenye ule wingi. Ingeweza kabisa kutoka kwenye ile 30, na tungeandika R kwa ujasiri uleule.

Kwahiyo siku hizi: fuwele iliyopimwa, ukishaipata tena kutoka kwenye mashine, iyeyushe na ipitishe kwenye HPLC hiyohiyo pembeni ya sampuli ya chupa. Kama ni ndogo mno, pima kadhaa za kundi lake. Na usije ukaniambia umehakikisha kwa eksrei ya unga, unga wa kushoto na wa kulia unatoa picha moja, haikusaidii hapa hata kidogo.

Molekuli yangu ni mafuta, haigandi kwa dawa wala kwa dua.

Kuna njia ya sifongo, timu ya Makoto Fujita wa Tokyo mwaka 2013 ilionyesha kwamba unaweza kuchukua fuwele nyingine yenye vishimo ndani, ukaloweka, molekuli yako ikaingia kwenye vishimo na kupimwa humo, kiasi kidogo mno cha sampuli kinatosha. Watu walishangilia sana, baadae wenyewe ikabidi warekebishe jibu moja la molekuli inayoitwa miyakosyne A, kwahiyo inataka umakini. Kuna pia kupiga kwa elektroni badala ya eksrei, hapo hata chembe za unga zisizoonekana kwa macho zinafaa. Kwa bajeti zetu, mimi ningeanza na kutengeneza chumvi.

Fuwele ninatuma nje. Nizifungeje?

Sisi huwa tunatuma, Afrika Kusini kuna maabara za siku nyingi za kazi hii, Cape Town na Johannesburg. Kosa la kwanza la watu ni kuzikausha. Nyingi zimebeba kiyeyushi ndani yake, ukizitoa kwenye maji yake zinapasuka zinakuwa nyeupe kama chaki kabla hata hazijafika uwanja wa ndege. Ziache kwenye maji yake ndani ya kichupa kilichojaa karibu mpaka juu ili zisigongane, kifuniko kizungushie plasta, kichupa ndani ya pamba, pamba ndani ya kopo. Kampuni za vifurushi zina masharti kuhusu viyeyushi vinavyowaka, waulize kabla hujafunga. Kwenye karatasi andika atomu zote unazodhani zimo, kiyeyushi gani, kwamba unatafuta mkono na sio umbo tu, na kwamba madoa yote mawili ya Friedel yapimwe.

Na bakiza nusu ya fuwele nyumbani. Kila mtu ananiuliza kwanini, halafu kifurushi kinakaa wiki tatu mahali kwenye jua, ndo wanarudi kuniuliza kama nimebakiza mimi.